Mwongozo kamili: Kiarabu kwenye kompyuta bila herufi kukatika wala kugeuka

Msimu wa Maulidi au wa harusi ukikaribia, kazi ileile huharibika katika stationari za Mwanza, kuanzia katikati ya mji hadi Buzuruga na Igoma. Ustadhi anatuma maandishi ya Kiarabu kwa WhatsApp. Kwenye simu yanasomeka vizuri. Dizaina anayabandika kwenye programu yake ya mabango, na herufi zinatoka zimeachana, moja moja, tena zimeanzia kushoto. Asiyesoma Kiarabu haoni tatizo. Anayeliona huanza kuzigeuza herufi kwa mkono, na hapo kazi inaharibika mara ya pili.

Mwongozo huu ni wa dizaina, karani wa stationari, na mwalimu wa madrasa anayejiandalia vyeti mwenyewe. Shika kanuni moja kabla ya kugusa kitu: kompyuta huhifadhi herufi, haihifadhi maumbo ya herufi. Umbo na mwelekeo ni kazi ya programu na fonti. Kikionekana kibaya kwenye kioo, usiyachokonoe maandishi. Tafuta nani kati ya hao wawili hajafanya kazi yake.

## Vinavyohitajika

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11. Linux pia inafaa.
- Programu ya kuandikia: Word, au LibreOffice Writer ambayo ni ya bure.
- Programu ya kuchorea. Kama huna ya kulipia, pakua Inkscape. Ni ya bure na inakijua Kiarabu.
- Fonti halisi za Kiarabu: Amiri, Scheherazade New au Noto Naskh Arabic. Zote tatu ni za bure na zina irabu kamili.
- Maandishi yaliyochapwa na mwenye kazi, pamoja na picha ya karatasi aliyoyaandika kwa mkono. Picha hiyo ndiyo ya kulinganishia.
- Mtu anayesoma Kiarabu. Huyu usimruke hata kama una haraka. Bango likishapanda meli kwenda Nansio halirudi siku hiyohiyo kurekebishwa.

## Hatua ya 1: Ona kinachohifadhiwa ndani

Unicode ni orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake. Herufi za msingi za Kiarabu zimo kati ya namba 0600 na 06FF. Alifu ni 0627, ba ni 0628, lamu ni 0644, mimu ni 0645. Namba hizi zinahesabiwa kwa mtindo unaotumia tarakimu 0 hadi 9 kisha A hadi F, kwa hiyo usishangae kukuta herufi za Kilatini humo.

Ba ina maumbo manne: ikiwa peke yake, mwanzoni mwa neno, katikati, na mwishoni. Namba ni moja tu, 0628. Programu inatazama majirani wa herufi, inaamua umbo lipi linafaa, kisha inalichukua kwenye fonti.

Jaribu mwenyewe. Fungua Word, kibodi ikiwa ya Kiingereza, andika 0628 kisha bonyeza Alt na X. Namba inageuka kuwa ب. Bila kuacha nafasi, andika 0627 na ubonyeze tena, halafu 0628 mara ya mwisho. Utapata neno hili:

باب

Ni "mlango". Tazama kwa makini. Ba ya kwanza, iliyo kulia, imefupishwa na kuungana na alifu. Ba ya mwisho imesimama peke yake na mkia wake wote, kwa sababu alifu haiungani na herufi inayoifuata. Umeandika namba ileile mara mbili ukapata maumbo mawili. Hukuchagua umbo lolote.

Herufi zenye tabia hiyo ya alifu ni sita: ا د ذ ر ز و. Zikionekana zimeachana na jirani wa kushoto, hakuna kosa. Nyingine zote, ukiondoa hamza ء inayosimama peke yake, zikiachana katikati ya neno, kuna kosa.

La pili la kushika: herufi zinahifadhiwa kwa mpangilio wa kusoma. Inayosomwa kwanza ndiyo iliyo kwanza kwenye faili. Kulia na kushoto ni habari ya kioo tu.

Umefaulu ukiona: باب imeungana ilivyo hapo juu, na ukibonyeza mshale wa kibodi kutoka mwanzo wa neno, kishale kinatembea kuelekea kushoto.

## Hatua ya 2: Weka kibodi, na ujihadhari na herufi pacha

Kwenye Windows fungua mipangilio ya lugha, ongeza Kiarabu, kisha uhame kati ya kibodi kwa kitufe cha Windows pamoja na nafasi. Kwenye kibodi ya kawaida ya Kiarabu, alifu ipo kwenye H, ba kwenye F, lamu kwenye G, mimu kwenye L. Irabu zinapatikana kwa Shift: fataha ni Shift na Q, dhumma ni Shift na E, kasra ni Shift na A, sukuni ni Shift na X. Andika herufi kwanza, irabu baadaye. Irabu huhifadhiwa nyuma ya herufi inayoibeba, na ukiitanguliza itapanda juu ya herufi isiyo yake.

Balaa kubwa zaidi lipo kwenye herufi zinazofanana kwa macho lakini zina namba tofauti. Simu nyingi zina kibodi ya Kiajemi au ya Kiurdu, na anayeandika hata hajui. Angalia hizi:

- ya ya Kiarabu ي ni 064A. Alifu maksura ى, isiyo na nukta, ni 0649. Ya ya Kiajemi ی ni 06CC.
- kafu ya Kiarabu ك ni 0643. Kafu ya Kiajemi ک ni 06A9.
- ha ه ni 0647. Ta marbuta ة ni 0629.

Katikati ya neno, ya ya Kiarabu na ya Kiajemi hazitofautiani kabisa. Sasa chukua orodha ya wanafunzi wa madrasa, nusu imeandikwa na mwalimu kwenye kompyuta, nusu imetoka kwenye simu ya mzazi. Mwalimu anamtafuta عليّ, kompyuta inasema hayupo, na jina analiona kwa macho yake kwenye mstari wa kumi. Kwa kompyuta hayo ni majina mawili. Hata shadda (alama ya kukaza herufi) niliyoiweka hapo juu inatosha kulikosesha, kwa kuwa nayo ni namba nyingine, 0651. Kwa orodha za kutafutia, andika majina bila irabu na uzibadilishe ya na kafu za Kiajemi zote kwa pamoja.

Kuijua namba ya herufi unayoishuku ni rahisi. Inakili herufi hiyo pekee kwenye mstari mtupu wa Word, weka kishale nyuma yake, yaani kushoto kwake, bonyeza Alt na X. Namba itajitokeza. Bonyeza tena, herufi itarudi. Hiki ndicho kipimo utakachokitumia kuliko vyote katika mwongozo huu.

Anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu atahitaji zisizokuwamo kwenye kibodi ya Kiarabu: پ ni 067E, چ ni 0686, ڤ ni 06A4. Ziingize kwa njia ileile ya Alt na X.

Umefaulu ukiona: ukitafuta jina moja, linapatikana kila mahali lilipo.

## Hatua ya 3: Weka mwelekeo, usiishie kusogeza upande

Kuna vitufe viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja kinasogeza aya upande wa kulia wa ukurasa. Kingine kinaiambia programu kwamba aya hii inaanzia kulia. Cha kwanza ni pambo. Cha pili ndicho kazi. Kwenye Word, kitufe cha mwelekeo kina alama ya aya na mshale unaoelekea kushoto, nacho hutokea baada ya Kiarabu kuongezwa kwenye lugha za kompyuta. Njia ya mkato ni Ctrl pamoja na Shift ya kulia.

Utajuaje mwelekeo haujawekwa? Nukta ya mwisho wa sentensi inakaa kulia, mwanzoni. Mabano yanafunguka upande usio wake. Jina la Kilatini katikati ya sentensi linavuruga mpangilio wa maneno yote.

Namba zina sheria yake. Ndani ya Kiarabu bado zinasomwa kutoka kushoto, na programu inalijua hilo. Lakini ukiandika namba ya simu kwa mafungu yenye nafasi katikati, ndani ya aya ya Kiarabu, kila fungu huhesabiwa kuwa namba inayojitegemea. Mafungu yanapangwa kutoka kulia, na fungu la mwisho linajikuta mbele kushoto. Mtu anayeisoma kwenye bango anapiga simu isiyo yako. Iandike namba bila nafasi, au uiweke kwenye aya yake yenye mwelekeo wa kushoto kwenda kulia.

Tarehe nazo zina mtego. 1/3/2025 yenye mikwaju hubaki ilivyo. 1-3-2025 yenye vistari, ikifuata neno la Kiarabu, hugeuzwa kwenye programu nyingi na kuonekana mwaka ukiwa mbele. Tumia mkwaju.

Umefaulu ukiona: nukta ya mwisho ipo kushoto, mabano yamefumbana, na namba ya simu inalingana na ya kwenye karatasi tarakimu kwa tarakimu.

## Hatua ya 4: Chagua fonti, na usiinyooshe

Vibox vitupu maana yake fonti haina herufi hizo. Fonti nyingi za mapambo zinazozunguka kwenye flashi hazina Kiarabu kabisa, na kompyuta huazima kutoka fonti nyingine bila kukuuliza. Ndiyo maana cheti kinatoka kizuri kwako, kikifika kwa mchapaji kinakuwa kingine.

Weka Amiri kwa vyeti na Scheherazade New kwa maandishi yenye irabu nyingi. Kisha jaribu لا, lamu na alifu. Fonti nzima huziunganisha kuwa umbo moja. Zikitoka zimesimama mbalimbali kama nguzo mbili, ama fonti hiyo ni mbovu au programu haiisomi.

Usiongeze nafasi kati ya herufi kama unavyofanya kwenye vichwa vya habari vya Kiswahili. Katika programu nyingi utakuwa unakata viungo vya neno. Ukitaka neno lirefuke, kuna alama ya kurefushia, 0640, inayoongeza mstari katikati ya herufi mbili. Itumie kwenye bango tu, maana neno lililorefushwa halipatikani tena ukilitafuta. Nafasi kati ya mistari iwe 1.5 au zaidi, la sivyo kasra za juu zinagongana na dhumma za chini.

Alama ﷺ na ﷽ kila moja ni herufi moja yenye namba yake, FDFA na FDFD. Fonti zisizo nazo zitaonyesha kibox. Zikague moja moja.

## Hatua ya 5: Ingiza kwenye programu ya kuchora

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Programu ya kuchora inaweza kuwa na fonti nzuri na maandishi sahihi, lakini ikawa inachora herufi moja baada ya nyingine kuanzia kushoto bila kutazama majirani. Ndipo unapata herufi zilizoachana.

Kwenye Photoshop ya zamani, fungua mapendeleo, sehemu ya "Type", tafuta chaguo lenye maneno "Middle Eastern" au "World-Ready", liteue, kisha anza faili jipya. InDesign na Illustrator zina machaguo ya jina la namna hiyo kwenye menyu ya aya. Inkscape na GIMP hazihitaji lolote.

Kama programu yako haina chaguo hilo, andika kwenye Word au Inkscape, toa PDF, kisha ingiza PDF hiyo kwenye bango kama mchoro. Mchoro si maandishi tena, hautaharirika, kwa hiyo tunza faili la asili. Binafsi naona hii ndiyo njia salama kwa bango lolote linalokwenda kwa mchapaji wa nje, hata kama programu yako inakijua Kiarabu, maana huwezi kujua yake ina fonti gani.

### Usitumie tovuti za "kurekebisha" Kiarabu

Zipo tovuti na vijiprogramu vya kubandika maandishi na kuyatoa "yamenyooka". Kinachofanyika humo ni hiki: kila herufi inabadilishwa kuwa umbo lililogandishwa, kisha mstari mzima unapinduliwa. Unicode ina namba za maumbo hayo kwa ajili ya kupatana na mifumo ya zamani. Ba peke yake ni FE8F, ba ya mwisho FE90, ya mwanzo FE91, ya katikati FE92. Kwenye kioo inapendeza.

Kisha mteja anaomba bango liwe jembamba. Chukua mstari wenye "Bismillahi Rrahmani Rrahim" uliopinduliwa. Kwa programu, mwanzo wa mstari huo ni herufi ya mwisho ya "Rrahim". Nafasi ikipungua, mstari unakatwa kuwa miwili, na mistari inajazwa kuanzia huo mwanzo wa uongo. Mstari wa juu unabeba "Rrahmani Rrahim" na "Bismillahi" inashuka chini. Kila neno limeungana sawasawa, kwa hiyo dizaina hana cha kumshtua. Msomaji wa kwanza msikitini ataliona kabla hajavua viatu.

Kipimo ni kilekile cha Alt na X. Namba ikianza na 06, ni herufi halali. Ikianza na FE au FB, umepewa maumbo. Omba maandishi ya asili au uyachape upya. Kama ni kurasa nyingi na mpangilio haujapinduliwa, anayejua Python anaweza kuyarudisha hivi:

```
import unicodedata
s = open("bango.txt", encoding="utf-8").read()
t = unicodedata.normalize("NFKC", s)
open("bango2.txt", "w", encoding="utf-8").write(t)
```

Tahadhari mbili. Njia hii hairudishi mpangilio uliopinduliwa. Na alama ﷺ itafunguka kuwa sentensi nzima ya kumswalia Mtume, kwa hiyo uirudishe kwa mkono.

Umefaulu ukiona: ukipunguza upana wa kisanduku, maneno ya mwanzo yanabaki juu, na ya mwisho ndiyo yanayoshuka.

## Hatua ya 6: Hifadhi na kutuma

Hifadhi kila faili la maandishi kwa UTF-8, yaani mfumo wa kuziandika namba za Unicode ndani ya faili. Kwa mfumo huo kila herufi ya Kiarabu ya kawaida huchukua baiti mbili. Ba ni D8 A8. Programu ikizisoma baiti hizo kwa mfumo wa Ulaya Magharibi, ba moja inageuka kuwa alama mbili: Ø na ¨. Ndiyo maana ukurasa ulioharibika hujaa Ø na Ù.

Tofautisha magonjwa mawili. Ukiona Ø na Ù, baiti bado zipo. Funga bila kuhifadhi, fungua upya kwa UTF-8, maandishi yatarudi. Ukiona ???? ndani ya faili lenyewe, herufi zimeshafutwa na kuwekewa alama ya kuuliza, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Omba nakala nyingine.

Orodha za Excel huumwa ugonjwa wa kwanza mara kwa mara. Usilifungue faili la CSV kwa kulibofya mara mbili. Ingia sehemu ya data, chagua kuingiza kutoka maandishi, na kwenye asili ya faili teua 65001, yaani UTF-8. Unapohifadhi, chagua CSV iliyoandikwa UTF-8 pembeni.

Wanaotuma SMS za mialiko kwa wingi wasome na hili. SMS ya herufi za kawaida inabeba herufi 160. Ikiingia herufi moja tu ya Kiarabu, hata ﷺ peke yake mwishoni, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine na uwezo unashuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanyika. Mwaliko wa Kiswahili wa herufi 159 uliokuwa SMS moja unakuwa vipande vitatu, na unalipia vitatu kwa kila mwalikwa. Andika "s.a.w." kwenye SMS, alama yenyewe iache kwenye bango.

## Hatua ya 7: Kusomwa kabla ya kuchapwa

Mtumie ustadhi PDF kwa WhatsApp kama hati, si kama picha, maana picha hubanwa na nukta za herufi hupotea: ب, ت na ث zinatofautiana kwa nukta tu. Mwombe asome kwa sauti kutoka kwenye PDF, wewe ukiwa umeshika picha ya karatasi yake. Akisoma kimoyomoyo atasoma anachokijua kwa moyo, hataona kilichoandikwa.

Muulize mambo matatu kwa majina: je, maneno yote yameungana, je, mstari wa kwanza ndio wa kwanza, je, irabu zimekaa kwenye herufi zake. Namba za simu na tarehe zihakiki wewe.

Akiridhia, kwenye folda ya kazi weka vitu vitatu: maandishi ya asili kwa UTF-8, faili la kuhariri pamoja na fonti yake, na PDF aliyoipitisha. Mchapaji mpe PDF pekee. Akisema mashine yake inataka faili la kuhariri, mtumie lenye Kiarabu kilichokwisha kuwa mchoro.